Kuku wa Shahidi

Matisi, Kitale
4 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Linah,

Lorna ametumbukiza simu yangu kwenye sufuria ya maharagwe sasa hivi, halafu akainama na kuiambia "halo". Nimeiopoa na mwiko. Imezima. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, na utanisamehe mwandiko, unajua mimi niliachia darasa la nane.

Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje, na baridi ya kazini haijakumaliza? Sisi tuko wazima. Baba Lorna, Kipkorir, anakusalimia. Lorna ana meno sita na anauma na yote.

Sasa dada, kuna maneno. Mama mkwe wangu, Mama Phelista wa Tongaren, yuko taabuni. Mwezi jana shemeji yake, Mzee Kemboi, alipita kwake mchana, akakaa kidogo, akaondoka, akaanguka njiani. Akafa papo hapo. Mama aliwaambia polisi kwamba alimchinjia kuku, akamkaribisha vizuri. Basi ukoo wote umeshika hiyo: ati kuku alikuwa na sumu, kwa sababu walikuwa wanagombania mpaka wa shamba. Maiti ilipelekwa Bungoma ikapasuliwa, na sasa hakimu ataketi kuuliza mzee aliuawa na nini. Wanawake wa kwao hawaingii tena kwa mama. Hata chumvi hawaombi.

Nilimwambia asiogope, dadangu ni wakili. Najua, najua! Usinune. Si ulisomea sheria? Siku ile ya posa waliniuliza dada mkubwa anafanya kazi gani, nikaona nikisema anapasua maiti hawatakunywa hata maji yetu. Nikasema nusu. Ile nusu nzuri.

Mama anaomba uje umtetee. Amekutumia kuku wake mwekundu, yule anampenda sana. Nampeleka ofisi ya vifurushi pamoja na hii barua.

Mdogo wako anayekutegemea,
Nasambu, Mama Lorna


Bungoma
10 Machi 2025

Mdogo wangu Nasambu,

Salamu nyingi. Mgongo unauma, baridi ni ile ile, na wagonjwa wangu hawalalamiki. Mbusu Lorna, lakini uwe mbali na meno.

Mzee Kemboi nilimpasua mimi. Sikujua ni mtu wenu. Sasa nimejua, na nimeshamwandikia hakimu kwamba mwanamke anayeshukiwa ni mama mkwe wa mdogo wangu. Daktari mwenzangu kutoka Eldoret atavikagua upya vipimo vyote, asije mtu akasema nilipendelea.

Sheria niliisoma miaka minne, jioni baada ya kazi. Sikutaka kuwa wakili. Nilitaka mawakili wasinizungushe nikiwa kizimbani. Siwezi kumtetea mtu ambaye mimi ni shahidi katika kesi yake. Na kuku akipewa shahidi, Nasambu, huitwa hongo. Alifika hai, akaingia chini ya meza yangu, akakataa kutoka, na kwa siku tatu ametaga mayai matatu juu ya faili ya mtu aliyekufa maji. Namrudisha. Mayai pia. Weka sahihi kwenye karatasi niliyoifunga pamoja naye: kuku mmoja, mayai matatu.

Usiniulize nilikuta nini. Nitasema mbele ya hakimu.

Na ile nusu uliyoificha ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lorna ana miezi kumi na mmoja na sijawahi kumbeba nyumbani kwa wakwe zako, kwa sababu naogopa nitaulizwa nimeshinda kesi gani. Imeniuma.

Dada yako,
Linah


Matisi
14 Machi 2025

Dada Linah,

Habari za huko? Huku ni mvua tu na kamasi za Lorna. Kuku amefika. Mayai yamefika matatu lakini moja Lorna amelikalia, na nimeandika hivyo kwenye karatasi yako kabla ya sahihi, usije ukanifunga.

Nisamehe. Sikukuonea aibu. Niliogopa nitaachwa. Mimi sina cheti, sina shamba, nilikuwa na wewe tu wa kujivunia, nikakukata nusu ndio upite kwa mlango wao.

Lakini niambie kidogo tu. Hata usiandike neno. Ukinijibu na kalamu ya bluu nitajua mama yuko salama. Ukitumia nyekundu nitaanza kumfariji. Nani atajua?

Mdogo wako,
Mama Lorna


Bungoma
19 Machi 2025

Nasambu,

Natumai hamjambo nyote, na kamasi zimepungua.

Nimeandika kwa penseli.

Dada yako,
Linah


Matisi
13 Juni 2025

Dada Linah,

Natumai ulifika salama siku ile ya mahakama, maana ulitoka bila kutusalimia. Najua, ni hiyo sheria yako. Kipkorir alininunulia simu ingine, lakini haya siyawezi kwa simu, nitacheka.

Nilikuwa benchi la nyuma. Sijawahi kukuona kazini. Yule wakili wa ukoo alikuuliza mara tatu kwa njia tatu, na mara tatu ukamjibu polepole kama unalisha mtoto: mshipa wa moyo uliziba, ulikuwa umeanza kuziba miaka mingi, na maabara ya serikali haikupata sumu. Akasema, "Na yule kuku, daktari?" Ukasema, "Tumboni nilikuta chapati na maharagwe. Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na nyama yoyote."

Dada, nilidhani mama amekwisha. Hakimu akamgeukia: "Mama, kuku alienda wapi?" Uliona vile alisimama? Akashika leso yake, akasema, "Mheshimiwa, hakukuwa na kuku. Nilimpa strungi." Hakimu akauliza, "Bila maziwa?" "Bila maziwa, mheshimiwa. Na sukari nilimwambia imeisha." Mahakama yote ikapasuka kwa kicheko. Hata askari.

Fikiria! Miezi minne anaitwa muuaji, na bado aliona hiyo ni afadhali kuliko Tongaren wajue alimpa shemeji chai nyeusi.

Siku mbili mama alinikwepa. Ya tatu akaniita jikoni.

"Kumbe dadako anapasua watu."

"Ndio, mama."

"Na hiyo sheria?"

"Alisoma pia."

"Sasa mbona ulinificha kitu kama hiki? Mawakili ni wengi, wanasema kile umelipia. Huyu alirudisha kuku." Akakoroga mboga. "Lakini ananawa?"

"Anavaa glavu, mama. Halafu ananawa."

"Basi aje."

Dada, wanawake bado hawajarudi kwake. Wanasema sumu zingine hazionekani, tena sasa wanamcheka juu ya strungi. Mama amewaalika wote Jumapili tarehe 29, Tongaren. Anasema, "Mtu anayejua matumbo ya Bungoma nzima akikaa kwangu, akala, akaongeza, nani atakataa sahani yangu?" Kesi imefungwa, hakimu ameshaandika kwamba ni moyo, kwa hivyo hii si hongo. Nimefikiria sana hapo.

Utakuja? Na umbebe Lorna mbele yao, ukiwa mzima, si nusu. Nijibu.

Mdogo wako anayekungoja,
Nasambu


Tongaren
Jumapili, 29 Juni 2025, saa tisa

Dada,

Sikuulizi hali leo. Nimekasirika.

Hukujibu. Wiki mbili. Simu yako inalia tu. Mama amechinja kuku wanne, na kuna maziwa ya kujaza birika tatu, na sukari safari hii haijaisha. Wanawake wamekuja wote, wamejaa uani, na hakuna anayeshika kitu. Wanaangalia sahani kama zitaruka. Mmoja ameuliza, "Huyo daktari ako wapi, ama naye ameogopa?" Wengine wakacheka, na mama akaingia ndani akajifanya anatafuta vijiko. Nimemkuta amesimama tu.

Nimekuja huku nyuma ya stoo ya mahindi kuandika hii, ili ujue umetufanya nini. Mimi nilikosa, lakini mama hakukukosea. Amekupangia kiti karibu na chake, ameweka kitambaa cha harusi yake juu. Kama umeamua ya kwamba sisi si watu wako, basi sema, nitamwambia mtoto wangu kwamba

Mama ananiita. Anaita kwa sauti mpaka Lorna ameamka: "Nasambu! Acha hayo makaratasi, njoo! Kuna gari jeupe hapa langoni, na kuna mama ameshuka, anauliza maji ya kunawa yako wa