Solo ya Nyota za Merigi

Merigi, 4 Agosti 2024

Kwako binti yangu Chepkurui,

Chamgei. Natumai vumbi la Nakuru halijakumaliza. Sisi huku tuko wazima. Mama yako goti linamsumbua asubuhi, lakini likipata jua linanyamaza. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Chai tunachuma ndani ya ukungu, hata mtu wa mstari wa pili humwoni. Simu naipenda kwa kusikia sauti yako, lakini mambo ya gitaa yanataka karatasi, ndiyo maana nimetia barua hii ndani ya kifurushi cha majani.

Pedali tatu na nyuzi ulizotuma zimefika. Asante sana mama. Sasa nisikilize. Hizo nyuzi namba tisa ni za kufuma sweta. Mimi napiga namba kumi na moja tangu nianze. Uzi mwembamba unamkubali kila mtu, hata asiyejua kitu. Ile pedali ya kukwaruza sauti nimeijaribu, mama yako akatoka jikoni mbio akiuliza ni mashine ya nani ya kusaga mahindi imeharibika. Na ya mwangwi ndiyo mbaya zaidi. Muziki wetu, mwimbaji akisema neno, gitaa inamjibu neno hilo hilo. Ukiweka mwangwi, nani anamjibu nani? Inakuwa ni kelele ya mkutano. Ya tatu sijaifungua, nimeogopa.

Tarehe 21 Desemba bendi yetu ya Nyota za Merigi inafikisha miaka arobaini. Tutapiga hapa sokoni na mtu wa redio atakuja kurekodi. Kuna watu wanasema ati Mzee Kimeli amechoka, aachie mwingine gitaa ya solo. Wacha waseme! Wewe uje unityunie gitaa siku hiyo, kwa maana hakuna sikio kama lako.

Ni mimi baba yako,
Nicholas Kimeli, solo wa Nyota za Merigi


Nakuru, 20 Agosti 2024

Kwa baba mpendwa,

Chamgei mising. Mimi niko sawa, kazi iko, afya iko. Pole kwa mama, mwambie nimemtumia dawa ya kuchua, iko ndani ya kifurushi hiki, chini ya soksi zako. Majani nimeyapokea na wenzangu wa studio wameyamaliza kwa wiki moja, hawana aibu.

Baba, umenichekesha na hiyo mashine ya kusaga. Lakini pedali hazina makosa, ni wewe umezungusha kila kitufe mpaka mwisho, nakujua. Mwangwi unawekwa kidogo tu, pale mwimbaji anapovuta pumzi. Ukiuondoa unaona pengo, ukiuweka hakuna anayejua uko. Na nyuzi namba tisa mimi nazipiga siku nzima studio, watu wananilipa, na bado najua kitu.

Sasa niseme la moyoni. Unakumbuka ile harusi ya Roret, mwaka 2016? Zamu ya kiwandani ilikuchelewesha, nikashika gitaa yako, nikapiga nyimbo tatu na watu wakasimama. Ulipofika, MC alikuuliza mbele ya watu huyu msichana ni nani, ukasema, "Huyo ananityunia tu." Tu, baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sijawahi kukuambia, lakini nililia njia nzima mpaka Litein.

Kwa hivyo kutyuni sitakuja. Nikija Desemba, nitakuja kupiga solo, na utasema mbele ya watu kwamba mimi ni mpiga gitaa. La sivyo nitabaki Nakuru.

Binti yako anayekupenda,
Rebeccah Chepkurui


Merigi, 2 Septemba 2024

Chepkurui,

Salamu. Tuko wazima.

Solo ya Nyota ni yangu. Nimeishika miaka arobaini, kwa mvua na kwa betri ya trekta, na sitaigawa kwa barua. Pedali zako ziko kabatini, ukija utazichukua.

Baba yako


Merigi, 17 Novemba 2024

Kwako mwanangu Chepkurui,

Natumai barua hii inakukuta na nguvu. Najua nimenyamaza miezi miwili na zaidi. Mama yako ameninyamazia pia, ananipa chai bila kusema neno. Goti lake ni zuri, hiyo dawa tuma tena.

Nitakuambia jambo na naomba usicheke. Unajua ukungu wa mwaka huu. Gitaa ilianza kunyonya maji, nyuzi zikawa haziwezi kukaa kwa sauti zake hata wimbo mmoja. Nikafikiri, mahindi yetu ya mbegu tunayakausha wapi? Darini, juu ya moshi wa jiko. Na hayajawahi kuoza. Basi nikaifunga gunia nikaiweka huko wiki tatu. Juzi nimeishusha. Mbao imekauka sawasawa, kweli, lakini gundi yote imeachilia na shingo imetoka mkononi kama mkia wa panya. Mama yako, ambaye miaka yote amekuwa akiita hiyo gitaa mke mwenzake, aliangalia akasema, "Pole, umefiwa." Ogada wa besi alikuja kuiona akavua kofia. Mimi sikucheka. Fundi wa Kericho anasema haitengenezeki kabla ya Krismasi.

Nimejaribu gitaa ya kanisa. Ni sanduku la kuwekea kuku. Ukibonyeza juu sauti inakimbia, ukibonyeza chini inalia. Nisaidie, niazime yako kwa siku moja tu. Hata nyuzi namba tisa nitazivumilia.

Baba yako


Nakuru, 24 Novemba 2024

Kwa baba,

Natumai mmeamka salama. Pole sana kwa gitaa. Sikucheka. Sawa, nilicheka kidogo, kisha nikalia, maana nami nilijifunzia kwa gitaa hiyo.

Gitaa yangu inatembea na mwenyewe. Jibu ni lile lile la Agosti.

Binti yako,
Chepkurui


Merigi, 8 Desemba 2024

Kwako Chepkurui,

Tuko salama, wote tunakusalimu, hata ndama.

Njoo. Solo shika wewe. Mimi nitapiga rithimu na hiyo gitaa ya kuku. Nimemwambia Ogada, akakaa chini kwanza ndipo akanipa mkono.

Amplifaya tumia ile yangu kubwa ya spika moja. Usiingize hizo ndogo za siku hizi, uwanjani zinalia kama mbu. Trebo, ile sauti ya juu, weka saba, besi tatu, na usiguse kitufe cha kati, kimekaa hapo tangu 1991 na kinajua kazi yake. Pedali leta moja. Moja!

Baba yako


Merigi, 5 Januari 2025

Kwako binti yangu mpendwa Chepkurui,

Heri ya mwaka mpya. Natumai ulifika Nakuru bila shida. Uliondoka alfajiri na hukuniamsha, na najua kwa nini.

Kwanza kazi. Trebo ilikuwa tisa, sikusema tisa. Wimbo wa pili uliukimbiza. Nyuzi zako ni nyembamba na sitabadilisha maneno hayo. Lakini Chepkurui, ulipoanza kumjibu mwimbaji, wanawake wa sokoni waliacha viazi vyao chini wakaja. Wakati anavuta pumzi, kitu fulani kilikuwa kinakaa pale katikati, chepesi, na mimi nikitafuta kinatoka wapi. Kumbe ni hiyo pedali yako. Sawa. Umenishinda hapo. Nilipiga rithimu nikisahau mahali pa kubadilisha sauti, Ogada akawa ananipiga teke.

Halafu nikapewa maikrofoni nitaje bendi. Nikamtaja Ogada, nikataja wa ngoma, nikataja mwimbaji, nikafika kwako nikakuangalia, na nikarudisha maikrofoni. Mama yako anasema ulidhani ni Roret tena. Haki ya Mungu, haikuwa hivyo. Ningefungua mdomo ningelia mbele ya soko zima, na mimi sikuwahi kulia mbele ya watu, nikaona aibu. Kiburi kile kile kibaya. Nisamehe.

Sasa, jana huyo mtu wa redio amenipigia. Wanaicheza rekodi yetu Jumamosi saa nne asubuhi, na anataka majina yawe sawa. Nilikuwa kituo cha kupimia majani, kuna foleni ya watu na mizigo yao, nikaweka spika ya simu wasikie wote. Akauliza, solo ni nani? Nikasema kwa sauti, "Andika Rebeccah Chepkurui, mpiga gitaa. Hakuna kama yeye kutoka hapa mpaka Kericho." Karani akaacha kupima.

Akauliza, "Na wewe mzee, nikuandike nani?"

Nikamwambia, mimi andika baba yake.