Panya Anayefunga Kopo

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Mvua ikirudi, anua nguo kwanza, ndipo ukimbilie kiti chako. Mtego wa panya usiuguse, nimeshautegua.

Wiki nzima mtama unapungua, nawe unaniapia ni panya. Panya gani huyo, anakula akishiba anafunga kifuniko cha kopo? Nikamgombeza binti yetu bure, na wewe ukawa unakoroga chai, kama vile huna habari.

Asubuhi nimetoka mbio kuanua mashuka, manyunyu ya kwanza ya msimu hayo, nikakuta kiti chako uani kimeipa nyumba mgongo. Chini yake mtama umetapakaa, na ndege saba wa manjano wanadonoa, wengine wamebeba majani ya kujengea viota. Hata hawakuruka. Wamezoea mtu hao! Na wewe ndiye huwaita wezi. Za mwizi ni arobaini, mume wangu.

Kopo ~~nimelificha~~ nimelijaza, liko pale pale.

Mwombe binti radhi leo leo, kwa mdomo wako. Kisha toa kiti cha pili. Nikitoka kazini nami nataka kuwaona.

Mama Watoto