Kuku wa Mbio

Jumamosi usiku

Miguu inaniuma, na leo si kwa sababu ya kubeba mizigo ya watu pale mpakani, Petite Barrière. Ni kuku.

Mke wangu, Mama Neema, ameamua nyumbani kwetu kisiingie tena chakula cha dawa. Kila kitu kiwe cha bio. Kwetu Uvira kuku alikuwa kuku tu, neno hilo nilikuwa silijui. Asubuhi nikiwa mlangoni akaniambia nitafute kuku wa bio. Mimi nikasikia wa mbio.

Basi nikapanda hadi Nyakiriba, nikamwomba mama mmoja mfugaji aniuzie kuku wa mbio. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ule kule. Toka juzi hatujamushika. Ukimukamata, nitakupunguzia bei."

Nimemfukuza katika shamba zima la viazi, nimeanguka kwenye tope, na watu wa pikipiki wamesimama barabarani kunishangilia. "Kaza, muzee! Kuku iko nakuacha!"

Nilipofika nyumbani na kuku wangu kwapani, Mama Neema akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Baba Neema, nilisema bio! Kuku asiyekula dawa."

"Bon, na huyu nani angemshika ampe dawa?"

Akamchukua, tukamchinja, akambandika jikoni.

Lakini nyama yetu ya wiki nzima ndiyo hiyo, na makaa yameisha kabla haijalainika. Watoto wamekunywa mchuzi tu. Neema ameuliza kama nyama hiyo ni kiatu.

Sasa hivi, nikiandika, mama yake ameniuliza kwa sauti ya chini kama wale kuku wa dawa bado wanauzwa.