Pipa la Mhispania

Jumatatu, 2 Septemba 2013

Leo nimetimiza miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, pikipiki tatu, na daktari aliyeniambia niache chumvi. Nimeamka, nimesali, nimefuta vumbi kwenye pipa langu kama kila siku. Hapa Malvern, huku ugenini, Jules Street yote, hakuna mwingine mwenye pipa la divai kutoka Uhispania. Mimi ninalo.

Nililinda mlango wa mgahawa wa yule Mhispania miaka mingi. Alipofunga akarudi kwao, wenzangu aliwapa viti. Mimi alinipa pipa. Alisema kwao, kusini kwenye zabibu, pipa halimalizwi. Unachota kidogo kwenye la zamani, unajazia kutoka kwenye changa, na ya zamani inaifundisha changa adabu. Nikamwambia hiyo ndiyo akili. Alisema na mengine, ila Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu.

Ubavuni limeandikwa VIN. Kuna herufi zingine mbele. Sikuzihitaji. Mimi ni mtu wa Uvira, Kifaransa cha vin nakijua, ni divai. Ukishaona kichwa cha ng'ombe, husomi mkia.

Jumatano, 4 Septemba

Tarehe kumi na nne wanakuja kumposa mjukuu wangu Neema. Nimemlea mwenyewe tangu ana meno mawili. Kijana anaitwa Shabani. Baba yake, Mzee Hamisi, ni Mrundi wa Buyenzi, anakaanga samaki kule Mayfair, karibu na msikiti. Watu wa heshima. Nimetangaza kanisani kwamba siku hiyo nafungua pipa. Kwaya nzima wamepiga vigelegele.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimeonja. Imechoma koo mpaka sikioni. Machozi. Divai kali. Mhispania si mtoto.

Neema amesoma pipa lote kwa kidole. "Babu, imeandikwa VINAGRE. Eish, hii si divai. Ni vinegar."

Nimemwambia Vinagre ni kijiji inakotoka.

"Na harufu hii je?"

Ni harufu ya kijiji.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada nimempa Mama Furaha, mkubwa wa kwaya, kikombe kizima. Amekimaliza. Amefuta midomo. Kisha: "Asante, Mzee. Ina nguvu." Huyo ni shahidi. Neema hakuniangalia.

Jumanne, 10 Septemba

Balaa. Habari za divai zimefika Mayfair. Mzee Hamisi amesema nyumba yenye pombe hakanyagi, na posa hakuna.

Neema amelia. "Babu, si useme tu? Neno moja. Sema ni siki." Shabani ndiye kamfundisha neno hilo. Siki.

Siwezi. Kwaya yote inajua ni divai. Nikisema ni siki nitaitwa Mzee Siki mpaka kaburini. Nina hasira. Nina aibu pia, lakini hasira ni kubwa.

Ijumaa, 13 Septemba

Neema hali chakula. Anapika, ananiwekea, anaingia chumbani. Hata kunigombeza hanigombezi. Nimelifunika pipa blanketi. Linanuka kupitia blanketi.

Nimesema wasipokuja, shauri lao. Naogopa. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 14 Septemba

Wamekuja, Shabani kamsihi baba yake, lakini wakasimama getini. Mzee Hamisi, kanzu nyeupe, mkono kwenye geti, miguu nje. Kwaya ndani, vikombe mkononi.

"Mzee mwenzangu," akasema, "toa hilo pipa, sisi tuingie."

Nikamwambia pipa langu si mbwa, halitolewi nje wageni wakija.

Akavuta pumzi. Akavuta tena. Mtu wa samaki, pua yake inajua kazi. "Mbona nasikia siki?"

Mama Furaha akachungulia kikombe chake. Neema alikuwa mlangoni na kitenge kipya, ananitazama kama siku ya kwanza ya shule, nilipotaka kuuachilia mkono wake.

Nikasema: "Ni siki. Nani kawaambia si siki? Nilikuwa nawapima. Familia inayokimbia neno divai tu, itauweza mdomo wa huyu msichana?"

Mzee Hamisi akacheka mpaka kofia ikadondoka. "Wewe mzee, kichwa chako kigumu kuliko pipa." Akaingia. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akafumba macho. Akasema siki ni halali, tena ni kitoweo cha baraka, na kama hii hajaonja tangu azaliwe: inachoma mbele, nyuma ina utamu wa zabibu kavu. Samaki wote aliokuja nao akawamwagia siki.

Posa imepokelewa. Kwaya wamekunywa soda, wananiangalia kwa jicho la pembeni.

Jumapili, 6 Oktoba

Neema ameolewa, amehamia Mayfair kwa mumewe tangu juzi. Nyumba imetulia. Kanisani Mama Furaha ameniita Mzee Siki. Nimeitika.

Nimefuta vumbi kwenye pipa. Nimekata nyanya na kitunguu, nimetia siki kidogo, nimekula polepole. Haichomi sana. Au koo limezoea.

Nimekumbuka yale mengine ya Mhispania. Kwao divai ikigeuka hawaimwagi. Wanaipa pipa lake, wanaiacha izeeke, na mwisho inaheshimiwa kuliko divai yenyewe. Kwa hiyo nilikuwa najua. Ulimi tu ulichelewa.

Nimejaza chupa moja ya Neema. Pipa sitalimaliza.

Anayebisha aende Mayfair amuulize Mzee Hamisi. Asipomkuta, Mama Furaha yupo. Alikunywa kikombe kizima.