Kila Mtu Anaomba Mvua

Jumatatu, 21 Oktoba

Upepo tena. Vumbi mpaka kwenye sufuria ya uji. Nimefagia, nimefagia tena, bado. Dismas karudi kutoka shambani, anatazama juu kama kuku anayekunywa maji. "Mwaka huu itawahi, mama." Mbegu za mahindi kaziweka chini ya kitanda chetu. Kila mume wangu akitaja mvua namlaani kimoyomoyo. Aibu kuandika hivi, lakini ndivyo.

Likizo ya ugonjwa inaisha wiki hii. Jumatatu ijayo narudi darasani. Sitaki.

Jumatano, 23 Oktoba

Hospitali. Sista Ozana, muuguzi wa afya ya akili. Binti mdogo, ningeweza kumfundisha kusoma. Mwanzoni nilimkataa kabisa. Mimi nikakae kwenye benchi lile, Malangali nzima ipite inione? Mtaani walishasema waya zimegusana kichwani. Wengine waliuliza niligombana na nani hadi nikatumiwa radi. Radi ya kutumwa! Mtu mwenye uwezo huo ahangaike na mwalimu wa shule ya msingi, wakubwa awaache?

Leo kaniomba nisimulie siku ile kwa mdomo wangu. Sijawahi. Nikasimulia. Kasema nikifika nyumbani niandike pia. Haya, naandika.

Mwezi wa tatu, kipindi cha mchana, darasa la tatu. Mvua ikaanza. Chini ya mabati huwezi kufundisha, hata upasuke koo. Nikafanya tunachofanya walimu wote. Inamisheni vichwa kwenye madawati, laleni. Wakalala. Radi ikapiga. Nikatupwa ukutani, sikio la kushoto halisikii mpaka leo. Nilipoinuka nikaona watoto wamelala vilevile, wametulia. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema amkeni. Wakaamka wanalia. Dawati la mbele hawakuamka. Yasinta na Nikas. Nikasema tena amkeni, kwa ukali. Niliwakaripia watoto waliokufa.

Ozana kanipa maji.

Tangu siku ile neno "amka" silitoi mdomoni. Binti yangu anaamshwa na baba yake.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimerudi. Mwalimu mkuu kanionyesha kinga ya radi juu ya paa, chuma na waya mpaka ardhini, kama mtu anayeonyesha pikipiki mpya. Sasa ndiyo wameweka. Chumba kile wamekifanya stoo. Watoto wangu wako chumba cha pili.

Wakasimama wote. "Shikamoo mwalimu." Hakuna aliyetabasamu. Ni walewale, wamerefuka. Nikafundisha kuzidisha. Mkono uliandika ubaoni, mimi mwenyewe sikuwepo.

Ofisini walimu wananishika kama yai. Pole, pole, pole. Nikiingia wanaacha kuongea. Ni Oresta tu, anayefundisha chumba cha jirani, ndiye aliyeniambia, "Umenenepa, bibi wewe. Likizo ilikupenda." Nikacheka, karibu nilie.

Mbingu nyeupe. Hakuna wingu.

Jumapili, 3 Novemba

Misa ya kuombea mvua. Kanisa limejaa mpaka nje, watu wa Malangali, wa Kizwite, wakulima na makoti yao ya Jumapili. Padri anasoma maombi, watu wanaitikia "twakuomba utusikie". Mimi nimefunga mdomo. Moyoni naomba kinyume chao. Peke yangu, kanisa zima. Nikajisikia mchawi kweli.

Mbele yangu alikuwa Mama Yasinta. Anaitikia kwa sauti kuliko wote. Nikakasirika. Wewe, kati ya watu wote, unaiomba?

Nje akanifuata. Nikataka kukimbia, akanishika mkono.

"Mwalimu, nimekuona hukuitikia. Na mimi naiogopa. Lakini tutakula nini?"

Akatazama chini.

"Mdogo wake Yasinta yuko la pili. Januari anaingia la tatu. Nimemwomba mwalimu mkuu asimweke kwako. Usinichukie, mwalimu. Sikulaumu. Ni moyo tu."

Nikamwambia simchukii. Nikamwambia hata mimi nisingemweka kwangu. Tukaagana vizuri. Nimelia njia nzima, barabarani, mchana, mtu mzima na kitenge changu cha kanisani.

Jumanne, 12 Novemba

Mawingu upande wa milima ya Mbizi. Joto la ajabu. Sikula.

Jumatano, 13 Novemba

Imenyesha.

Kipindi cha mchana. Giza liliingia darasani nikaendelea kuandika, nikijifanya sijui. Matone ya kwanza kwenye mabati. Nikageuka. Watoto wote wananitazama. Hakuna aliyeinamisha kichwa, hakuna aliyelia. Wananitazama mimi, nifanye kitu. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili sikuisubiri.

Nilikimbia. Sikumbuki mlango. Nakumbuka uwanja wa mpira, tope, kiatu kimoja kimebaki huko. Eneo la wazi kabisa, mahali ambapo kila mwaka nawafundisha watoto wasikimbilie. Nimefika nyumbani nimelowa mpaka mifupa.

Nimewaacha. Mwalimu gani anawaacha watoto?

Dismas kaja kutoka shambani amelowa naye, uso unang'aa. Akaniona. Furaha ikamtoka pale pale. Kaniwekea maji ya moto, hakuuliza.

Alhamisi, 14 Novemba

Sikwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwalimu mkuu kaja nyumbani. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kasema kwenye ofisi ya elimu mjini wanahitaji mtu wa masjala, wa kupanga majalada. Kasema ameshaongea nao, ni mimi tu kukubali. "Majalada hayapigwi na radi, mwalimu." Alitaka kunichekesha, masikini.

Naitaka kazi hiyo. Naitaka kwa roho yote. Ukuta wa tofali, dirisha dogo, karatasi. Hakuna mtoto wa mtu.

Dismas kasema chukua. Kupanda kumeanza, shamba linamwendea vizuri, anapiga mluzi akidhani simsikii kwa hili sikio. Nimemwambia apige tu. Mvua siyo kosa lake.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekwenda kuaga. Asubuhi, mbingu safi, nilihakikisha kwanza.

Oresta kanidaka mlangoni. Siku niliyokimbia ndiye aliyewakuta watoto wangu, akaingia na darasa lake lote, akawabana pamoja wakaimba mpaka mvua ikakatika. "Walidhani umekufa," akaniambia. "Walinisumbua mpaka saa ya kwenda nyumbani. Mwalimu amekufa? Mwalimu amekufa? Ingia uwaonyeshe uko hai, halafu ondoka zako."

Nikaingia. Nikawaambia mwalimu wenu anahamia ofisini mjini, atakuja mwalimu mwingine mzuri. Halafu kale kasichana ka Kizwite, Telesfora, ambako siku ya radi kalikaa dawati la pili, nyuma tu ya Yasinta na Nikas, kakanyoosha kidole.

"Mwalimu, na sisi tutahamia ofisini?"

Jamani.

Hakukuwa na ujeuri. Aliuliza tu. Mimi nilipewa likizo, dawa, Sista Ozana, sasa napewa masjala. Wao walipewa siku za msiba, wakarudi kukaa chini ya mabati yaleyale. Nani kawauliza kitu?

Nikamwambia hapana, hamtahama. Akaitikia, "Ndiyo mwalimu," akaketi.

Sikwenda mjini. Niliingia choo cha walimu nikatapika, kisha nikarudi kufundisha kipindi cha pili.

Jumatano, 20 Novemba

Ozana anasema si lazima niwe shujaa. Asante sana, sikuwa na mpango huo. Tumepanga hivi. Mvua ikianza, Oresta analeta darasa lake kwangu. Yeye anasimama mbele. Mimi naruhusiwa kukaa kwenye dawati na watoto, nisifundishe, nisiseme. Ruhusa ya kutetemeka ninayo. Ruhusa ya kutoka sina.

Mwalimu mkuu alisikiliza, akakuna kichwa, akakubali. Kuhusu watoto, Ozana atakuja shuleni kuongea nao. Anawaandikia ombi wakubwa wake. Tutaona.

Ijumaa, 22 Novemba

Imenyesha. Nilikaa. Nilijikojolea kidogo. Hakuna aliyejua.

Jumatatu, 25 Novemba

Imenyesha mchana kutwa. Nilikaa. Naichukia. Sitaipenda kamwe, wasinidanganye.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua ilianza baada ya uji. Oresta akaja na watoto wake, wakabanana kwenye madawati. Akawaimbisha. Mimi dawati la mbele, katikati ya wavulana wawili. Walinipisha bila kuambiwa, wameshazoea.

Ngurumo zilikuja karibu. Nilishika ubao wa dawati. Baadaye zikaenda. Ikabaki mvua tupu, nzito, ya kukera. Oresta alikaukiwa sauti, akanyamaza.

Ndipo nikaona aliye kulia kwangu, Krispini, ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia. Amelala. Alichoka tu, wanatoka mashambani alfajiri hawa.

Nilimtazama muda mrefu. Nilitaka Oresta aje, nikashindwa kumwita. Mvua ikapungua, ikakatika. Wengine wakaanza kutoka. Krispini bado amelala.

Nikamshika bega. Nikasema, "Krispini. Amka."

Akaamka. Akafuta mate shavuni, akaniuliza kama kengele imelia. Nikamwambia imelia. Akachukua begi lake, akaenda.