Kura ya Baba Niliyoishusha

Findlay, Ohio
Jumanne, 9 Desemba

Mpendwa Kaka Eliseo,

Pokea salamu kutoka huku kwenye theluji. Goti linaendeleaje? Mama anauliza kama bado unalikanda kwa barafu, na Bibi Chayo anauliza kama huko chuoni wanawapikia maharage ya kueleweka. Sisi wazima, ila Bibi kifua kinambana asubuhi.

Jumapili tulikaa wote mbele ya televisheni wakitangaza timu kumi na mbili za kugombea ubingwa wa vyuo wa mpira wa Kimarekani. Nilikuona. Kamera iliwakalia ninyi wa Mesa Parda mmejipanga ukumbini na jezi zenu, jina la mwisho likasomwa, si lenu. Ulivua kofia ukaitazama ndani kama umedondosha kitu humo. Michezo kumi na miwili, hamjafungwa hata mmoja. Bibi alizima televisheni bila kumuuliza mtu.

Kaka, kuna jambo lazima nikuambie, na kwa mdomo nisingeweza. Unanijua. Shuleni nasoma kwa Kiingereza na Kihispania, na kwa lugha zote mbili nanyamaza.

Unajua Baba, mjomba wako, ni mmoja wa waandishi wa habari wanaopiga kura kila wiki ya kupanga timu bora ishirini na tano. Jumapili kabla ya misa anasimama jikoni akigeuza mayai, ananitajia timu moja moja, mimi naziandika kwenye kompyuta na kutuma. Kura ya kila mwandishi watu wote wanaiona. Basi msimu mzima Brody, anayekaa nyuma yangu darasani, hakunipa pumzi. "Noelia, leo mzee kampandisha binamu hadi ya ngapi? Wiki ijayo atampigia kura hata paka wenu." Darasa linacheka, mimi nainamia daftari.

Jumapili ya mwisho ya Novemba Baba alisema, "Wa tisa, Mesa Parda." Nikaandika wa kumi na nne. Vidole havikuteleza, Kaka. Nilijua ninachofanya. Nilitaka tu wiki moja ya kukaa kwa amani.

Na niliipata. Jumatatu Brody akaniambia, "Afadhali mzee wako kapata akili." Lakini kura zote zilipojumlishwa mlikuwa wa kumi na tatu, mmepitwa na wa kumi na mbili kwa pointi tatu. Kila nafasi ni pointi moja, na mimi peke yangu niliwanyima tano. Halafu juzi mwenyekiti wa kamati iliyochagua zile timu kumi na mbili akasema kwenye televisheni kwamba hata waandishi hawakuwaona ndani ya kumi na mbili. Nilihisi ananitazama mimi.

Nilimfuata Baba gereji nikamwambia yote. Alikuwa ameshika sepetu ya theluji, akaiegemea. Nilingoja anikaripie. Akasema, "Hiyo tisa yenyewe ilikuwa ya woga, mwanangu. Moyoni niliwaweka wa tano. Tangu Septemba nawapunguza, nisije nikaambiwa nampendelea mpwa wangu." Kisha akanipa sepetu ya pili, tukasafisha njia ya gari hadi barabarani.

Alhamisi ataandika gazetini namba zote tatu: yangu, ile aliyoitaja jikoni, na ile ya moyoni. Jina langu hatalitaja. Mama anaogopa watamnyang'anya kura. Baba alimjibu, "Waichukue. Nilikuwa nayo na sikuitumia."

Huenda kamati wangewaacha hata hivyo. Chuo kidogo, jangwani, nani anawatazama. Baba anasema nisijibebeshe mzigo wote. Lakini ule wangu naujua uzito wake, na ulistahili kuusikia kwangu kabla ya gazeti.

Tarehe 27 mtakapocheza ule mchezo wenu wa kufunga msimu Detroit tutakuja, ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari. Bibi amenifumia kofia ya rangi zenu. Brody naye atakuwepo na baba yake, na nitaivaa hivyo hivyo. Nitakaa nyuma ya benchi lenu. Ukigeuka ukaniona, na mkono wako usiinuke kunipungia, nitaelewa.

Msalimie sana Shangazi Ofelia, na mdogo wako Rubén umwambie vitabu alivyotutumia vimefika. Mungu akutunzie hilo goti, na akupe mchezo ambao hakuna wa kuuandika upya.

Akupendaye, hata kama hakukutendea hivyo,
Noelia