Chupa ya Mahery

Antananarivo, 6 Agosti

Neny, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Antsirabe? Sisi wazima. Mahery amenenepa mashavu, na daktari anasema akiendelea kuongeza uzito hivi, kaakaa lake litashonwa kabla ya Krismasi.

Nakuandikia ujumbe wa simu kwa sababu masikio yako na simu ya kuongea hayasikilizani tena. Kesho kutwa tunaenda Mahajanga, likizo. Tunaenda na Tojo na mama yake, wifi Lanto na wanawe. Najua umeshakunja uso. Lakini mama yangu, tangu nijifungue mimi ni mlinzi wa chupa, basi. Nataka kuogelea baharini. Nataka kula mishikaki ufukweni nimevaa gauni lisilonuka maziwa.

Usiwe na wasiwasi. Ile chupa laini ya kuminya tuliyopewa kliniki nimeifunga vizuri, maziwa ya kopo yanatosha, maji yaliyochemshwa yamo kwenye themosi.

Mwanao,
Fanja

Antsirabe, 7 Agosti

Fanja mwanangu,

Salamu zimefika. Magoti yananiuma kama kawaida, lakini ulipotaja Mahajanga maumivu yamehamia moyoni.

Mtoto asiyeweza kunyonya anapelekwa baharini kufanya nini? Bahari haihami, mwanangu. Ingemngoja. Na chupa yenyewe ni hiyo moja! Ikianguka je? Panya akiitafuna je? Utapata wapi nyingine huko?

Tena nikuulize. Hao wakwe zako wanajua kwamba kaakaa la mtoto liko wazi, au bado ni ile hadithi ya siku ya ubatizo kwamba "ana shida kidogo ya kunyonya"?

Usimwachie mtu amlishe. Nasema mtu yeyote.

Neny wako

Maevatanana, 8 Agosti

Neny,

Natumaini umeamka salama. Tumesimama kula. Huku joto ni la tanuri, na Mahery kavuliwa nguo zote isipokuwa nepi.

Nilikuwa namlisha mbele ya mgahawa, nimemkalisha wima, naminya chupa kidogo, nangoja ameze, naminya tena. Mama mmoja muuza machungwa akanipigia kelele: "We dada, maziwa unayo kifuani, chupa ya nini?" Mama mkwe akacheka, akamjibu: "Hawa wa siku hizi wanatunza kifua, kisianguke!" Meza nzima ikacheka. Mimi nikaendelea kuminya, machozi yananilengalenga. Tojo akajifanya anapima upepo wa matairi.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Hawajui. Tojo hataki. Anasema mama yake ataanza kuchimba kasoro imetoka ukoo gani, wetu au wao, na likizo itaishia hapo.

Lakini na wewe usinipe amri ya nani amlishe na nani asimlishe. Wewe mwenyewe hujamlisha hata siku moja! Unamshika kama sufuria iliyotoka motoni, kisha unanirudishia upesi.

Mwanao,
Fanja

Antsirabe, 8 Agosti

Fanja,

Umesema kweli, na imeniuma.

Tusigombane mko njiani. Nakuomba kitu kimoja. Mkifika, mkae chini, umwambie mama mkwe wako kila kitu kabla hamjafungua mizigo. Acha achimbe ukoo wetu mpaka achoke. Bora akuseme kuliko asijue. Bibi akisikia mjukuu analia, mikono yake haiombi ruhusa.

Niambie mmefika.

Neny

Antsirabe, 10 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mahery hajambo? Jana nilingoja mpaka simu ikaishiwa chaji mkononi. Labda mtandao wa huko ni mbaya. Labda umenikasirikia. Kama ni hasira, sawa, kasirika, lakini niandikie "tumefika".

Neny

Antsirabe, 11 Agosti

Fanja, tuma hata nukta moja.

Neny

Mahajanga, 12 Agosti

Neny yangu,

Nisamehe kwa kimya. Mahery yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Tulifika tumechoka. Nikamwambia Tojo, leo tupumzike, kesho tutamwambia mama yako. Asubuhi Mahery akashiba, akalala. Lanto akanivuta: "Wifi, njoo uoge, bahari yenyewe hiyo!" Nikaenda. Nilicheka ndani ya maji, Neny. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka vile.

Yakawa kama ulivyosema. Mtoto aliamka akalia, na mama mkwe alikuwa peke yake. Akaona chupa ya kawaida ya mtoto wa Lanto, akaitia maziwa, akamlaza Mahery mapajani chali, akamtia chuchu mdomoni.

Mayowe niliyasikia nikiwa bado majini. Nilipofika maziwa yalikuwa yanamtoka puani, macho yamegeuka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Tojo, aliyekimbia nami kutoka ufukweni, akamnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni mpaka akakohoa. Kilio kilichofuata kilikuwa chembamba kama cha paka. Tukakimbilia hospitali nimevaa kanga iliyolowa.

Maziwa yameingia mapafuni. Anapewa dawa kwenye mshipa, na hewa kwa mpira mdogo puani. Homa haijashuka. Kila akikohoa namwinamia nimsikilize kifua.

Mama mkwe alikaa sakafuni pale ukumbini akirudia, "Nimemuua mtoto wa watu." Nikachuchumaa mbele yake, nikamweleza yote. Akainuka, akamzaba Tojo kibao mbele ya wagonjwa.

"Mlidhani nitamkataa? Mimi? Mmeniacha nimlishe mjukuu wangu kama kipofu!"

Tojo alilia kama mtoto.

Na ile chupa ya kuminya haipo tena. Lanto kwa kuchanganyikiwa aliichemsha akaisahau jikoni, ikayeyuka. Sasa muuguzi anatufundisha kikombe, kidogo kama cha kahawa. Unamkalisha wima, unakigusisha mdomo wa chini, unaacha maziwa yafike ukingoni, yeye mwenyewe anayachukua kwa ulimi. Usimmiminie. Nilipojaribu, nusu ilimwagika shingoni mwake.

Naogopa, Neny.

Mwanao

Njiani, 13 Agosti

Fanja mwanangu,

Nimepanda basi. Usiniambie nirudi, kwa sababu tumeshapita Antananarivo na nauli hairudishwi. Nimekaa kati ya mama mwenye kuku na kijana anayekoroma. Magoti yamevimba, hayo ni yangu.

Umeniambia namshika kama sufuria ya moto. Ni kweli, kwa sababu tangu siku ile daktari alipotuonyesha kaakaa lake kwa tochi, nimekuwa nikiona atanifia mikononi. Nikaona afadhali niogope nikiwa mbali, nikutumie mawaidha. Mawaidha hayajamsaidia mtu.

Bado naogopa. Nakuja nao huo uoga, siwezi kuuacha Antsirabe. Kama mama mkwe wako yupo hapo, mwambie simlaumu. Hata mimi nisingestahimili kilio kile.

Hicho kikombe utanifundisha pole pole. Mimi si mwepesi.

Neny wako

Mahajanga, 14 Agosti

Neny,

Umefika wapi? Umekula?

Homa imeshuka alfajiri. Daktari amemsikiliza kifua mara mbili, akasema upande wa kushoto unafunguka. Hajasema tumepona, na mimi sijamuuliza. Mpira wa puani wameutoa.

Asubuhi hii mama mkwe amemlisha kwa kikombe. Kwanza alikataa, akaficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Nikamwambia, "Mama, ukimwogopa na yeye atakuogopa." Akakaa. Alimlisha huku akimsihi, "Taratibu, bwana mkubwa, taratibu." Maziwa mengine yalimwagikia kifuani kwake, lakini mengi yalimezwa, na Mahery akapiga mbweu wodi nzima ikasikia.

Tojo atakupokea stendi. Ukifika nawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, muuguzi ni mkali. Mlo wa Mahery wa jioni nimemwambia kila mtu asiuguse.

Huo ni wako.

Mwanao,
Fanja